Mzee, Barza na Kambi: Taswira za Uzee katika Vyombo vya Habari na Historia ya Masisi na Walikale

Laurent-Désiré Kabila alizaliwa mwaka 1939. Majeshi yake yalipoingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997 alikuwa bado hajatimiza miaka 60, lakini redio zote za mashariki ya nchi zilikuwa zimekwisha kumwita Mzee, na jina hilo halikumwacha hata baada ya kuuawa Januari 2001. Wakati huohuo, katika njia ya kutoka Masisi kwenda Sake, mtu aliyemzidi umri kwa miaka kumi aliweza kuonekana akisukuma chukudu iliyopakiwa mbao au viazi, na hakuna mtangazaji aliyemtaja kwa jina lolote. Yafaa kuanza na tofauti hii, kwa kuwa inaonyesha kwamba katika Kiswahili cha habari neno mzee linahesabu cheo kabla ya kuhesabu miaka. Mwenye cheo huitwa mzee hata kama nywele zake ni nyeusi. Asiye na cheo husubiri aingie katika mojawapo ya picha ambazo magazeti na redio vimezoea kuzichora.

Picha hizo si nyingi. Kuna mzee mlinzi wa mila, aketiye barzani na kujua kila kitu. Kuna mzee mhanga, ambaye hupigwa picha kambini akiwa amefunikwa blanketi. Kuna, tena, mwanamke mzee anayeshukiwa uchawi. Juu ya zote hizo kuna picha iliyotoka ng'ambo, ya mstaafu anayekula jasho lake kwa raha. Makala haya yanafuatilia historia ya picha hizo katika wilaya mbili za Kivu ya Kaskazini, Masisi na Walikale, na kuzilinganisha na namna watu wa huko walivyozeeka hasa tangu miaka ya 1930.

Kijiji cha wastaafu

Tarehe 1 Januari 1960, miezi sita kabla ya uhuru wa Kongo, mji wa Sun City ulifunguliwa katika jimbo la Arizona, Marekani. Ulijengwa na mfanyabiashara Del Webb kwa ajili ya watu waliostaafu tu, na matangazo yake yalijaa wazee wenye afya wakicheza gofu na kuogelea. Tangu hapo vyombo vya habari vya nchi tajiri vimeyumba baina ya pande mbili: ama kijiji cha wastaafu ni likizo isiyokwisha, ama ni chumba cha kungojea mauti mahali ambapo watoto wamewatupa wazazi wao. Msikilizaji wa Kivu amepokea zaidi ule upande wa pili. Kwamba Wazungu hutupa wazee wao ni jambo linalosemwa Goma na Bukavu kana kwamba halihitaji ushahidi. Kinyume chake, kwamba Mwafrika hazeeki peke yake, husemwa kwa uhakika uleule, na Wazungu nao hulirudia wanapotaka kujilaumu.

Historia ya Afrika Mashariki haikubaliani na kauli hiyo. Tanzania Bara imekuwa na makazi ya wazee wasio na wa kuwatunza, na Zanzibar ina nyumba za Sebleni na Welezo. Zanzibar vilevile ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mkazi aliyefikia miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au la. Hatua kama hiyo haichukuliwi na serikali inayoamini kwamba ukoo unatosha. Aidha, huko Usukumani bibi waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi yaliletwa na moshi wa kuni za jikoni, hawakuishi mbali na ndugu zao.

Katika Masisi na Walikale hakikujengwa kijiji cha wastaafu hata kimoja. Hata hivyo zimekuwako jamii ambamo wazee walibaki pamoja baada ya vijana kuondoka: kambi za wafanyakazi ambazo kampuni zimekufa, na kambi za watu waliohamishwa na vita. Jamii hizo hazikupangwa na mtu yeyote, wala hazikupata matangazo.

Mlinzi wa mila

Picha ya mzee wa barzani ina tarehe. Sheria ya kikoloni ya tarehe 5 Desemba 1933 ilipopanga upya tawala za kienyeji, maofisa wa Kibelgiji walihitaji watu wa kuwaambia nani ni mwami halali, mpaka wa shamba unapita wapi, na kesi fulani huamuliwaje. Waliwatafuta wanaume wenye umri, wakawaweka barzani, wakaandika majibu yao kwa Kifaransa. Jibu la mtu mmoja, lililotolewa siku moja kwa swali la ofisa, likageuka kuwa "mila ya Wahunde" au "mila ya Wanyanga". Wapiga picha wa serikali nao walifanya kazi hiyohiyo kwa kamera. Mzee alipigwa picha na fimbo na ngozi, kijana na baisikeli au mashine ya kushonea. Msomaji alifundishwa hivyo kwamba uzee ni wakati uliopita na ujana ni wakati ujao, ingawa huenda wote wawili waliishi katika nyumba moja na kula chungu kimoja.

Kazi iliyofanyika Walikale katika miaka ya 1950 inasaidia kuirekebisha picha hiyo. Daniel Biebuyck, mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Ubelgiji, aliishi miongoni mwa Wanyanga na kukusanya masimulizi yao. Mwaka 1956 msimuliaji She-Karisi Rureke alikubali kusimulia utenzi wa Mwindo kwa ukamilifu, na kazi hiyo ilichukua siku 12. Utenzi huo ulichapishwa mwaka 1969 kwa ushirikiano na Kahombo Mateene, mwanaisimu Mnyanga ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Kampala. Wanafunzi wengi wanaoutaja utenzi huu humwazia msimuliaji kama babu aliyetulia kando ya moto akitoa hazina iliyokuwa imelala kichwani. Rureke hakutulia. Aliimba, alicheza, aliigiza, alisimulia huku wenzake wakipiga mdundo, na kwa siku kadhaa wote waliohusika walichoka kabisa. Maktaba haichoki, na haibuni vipande vipya mbele ya wasikilizaji wake. Usemi maarufu unaomlinganisha mzee na maktaba ulitokana na Amadou Hampâté Bâ wa Mali, aliyekuwa akidai UNESCO ishughulikie ukusanyaji wa masimulizi kabla ya wasimulizi kufa. Lilikuwa dai la kazi na la fedha. Redio zimelifanya kuwa sifa ya bure, itolewayo kila tarehe 1 Oktoba, siku ambayo Umoja wa Mataifa umewawekea wazee, na kusahauliwa tarehe 2.

Maudhui ya utenzi wenyewe yanafaa kutazamwa pia. Shemwindo, baba yake Mwindo, ni mtawala mwenye umri na heshima zote. Ndiye anayekataza wake zake wasizae watoto wa kiume, ndiye anayejaribu kumwua mwanawe, na mambo yanapomgeukia ndiye anayekimbilia kuzimu. Mwana humfuata huko, si kwa kulipiza kisasi, bali kumrudisha kijijini. Mbele ya watu wote, shangazi Iyangura akiwapo, mzee hukiri kosa lake na kumkabidhi mwanawe utawala. Wanyanga, kwa hiyo, walikuwa na simulizi la kustaafu muda mrefu kabla ya kufika kwa kampuni na pensheni. Ndani yake mzee anaweza kukosea, anaweza kushindwa, na bado ana mahali pa kuketi. Hili ni fikra pana zaidi kuliko ile ya mlinzi wa mila asiyekosea.

Neno la Kiswahili sanifu, kustaafu, linakaribia fikra hiyo kwa bahati, kwani asili yake ya Kiarabu ni kuomba kuachiliwa. Watumishi wa Kivu hulitumia kwa nadra. Wao husema kwa Kifaransa, na pengine ni kwa sababu jambo lenyewe liliwafikia kwa karatasi zilizoandikwa kwa Kifaransa.

Shahidi wa nani?

Hatari ya picha ya mlinzi wa mila huonekana wazi katika suala la ardhi. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilianzisha shughuli rasmi ya kuwahamisha watu kutoka Rwanda kwenda Masisi, iliyojulikana kwa ufupi kama MIB. Sababu zake zilikuwa mbili: wingi wa watu na njaa upande wa Rwanda, na haja ya vibarua katika mashamba ya walowezi, ambayo Comité National du Kivu, iliyoundwa mwaka 1928, ilikuwa ikiwagawia ardhi. Hadi mwaka 1955 watu wapatao 85,000 walikuwa wamehamishwa. Walitengewa tawala yao ya Gishari, ambayo serikali ileile iliivunja mwaka 1957.

Mtu aliyeletwa Gishari mwaka 1937 akiwa na miaka 20 alikuwa na miaka 43 wakati wa uhuru. Sheria ya Januari 1972 ilimtambua kuwa raia wa Zaire. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ilimwondolea uraia huo, naye ana miaka 64. Kwa hesabu ya mwajiri huo ndio umri wa kupumzika, na katika umri huo ndipo mtu aliyekata miti ya kwanza ya shamba la mlowezi alipoambiwa kwamba ni mgeni. Jirani yake Mhunde, wa umri uleule, alikuwa na kumbukumbu nyingine: kwamba ardhi ya baba yake ilichukuliwa na ofisa na kupewa mlowezi, kisha mhamiaji, na mwami hakuulizwa kwa namna iliyostahili kuitwa kuulizwa. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 iliongeza uzito kwa wote wawili, kwani ilifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali na kuziacha haki za kimila zisubiri amri ambayo haikutolewa. Mwaka huohuo mashamba ya walowezi yaligawiwa Wazaire, hasa wenye ukaribu na watawala.

Wazee hawa wawili hawakusema uongo. Kila mmoja alisema alichokiona. Lakini tangu Aprili 1990, vyama vingi na magazeti huru vilipoanza, kila upande ulimtafuta mzee wake, ukampa kipaza sauti na kumtambulisha kuwa ndiye ajuaye historia. Kumbukumbu ya mtu mmoja ikasomwa kama hati ya ardhi ya kabila zima. Tarehe 20 Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, na katika muda mfupi yalienea Masisi yote. Itakuwa kosa kusema kwamba magazeti ndiyo yaliyoua, kwani mizizi ya ardhi, uraia na siasa ya mkoa ilikuwa mirefu kuliko kalamu yoyote. Hata hivyo, desturi ya kumhoji mzee kama shahidi wa kabila badala ya shahidi wa maisha yake mwenyewe ilirahisisha kazi ya wachochezi.

Mwaka 1998 wazee wa makabila mbalimbali ya Kivu ya Kaskazini waliunda baraza la pamoja, lililojulikana kama Barza Intercommunautaire, ili kusuluhisha migogoro kabla haijamwaga damu. Kwa miaka kadhaa lilifanya kazi ambayo serikali haikuweza kuifanya, kisha likadhoofishwa na siasa. Inafaa kuzingatia jambo moja katika baraza hilo. Wajumbe wake walitakiwa kubishana na kukubaliana, na kukubaliana maana yake ni kuachia sehemu ya kumbukumbu yako. Vyombo vya habari viliendelea kuwaita walinzi wa mila.

Kambi ya kwanza na kambi ya pili

Kiswahili cha Kivu kinatumia neno moja, kambi, kwa makazi ya wafanyakazi wa kampuni na kwa makazi ya waliokimbia vita. Wapo watu wa Masisi na Walikale waliozeeka baina ya maana hizo mbili.

Katika kambi ya kwanza mfanyakazi wa mgodi au shamba alipata nyumba, posho na, ikiwa bahati ilikuwa yake, zahanati. Mwaka 1956 serikali ya kikoloni ilianzisha mfumo wa pensheni za wafanyakazi, na mwaka 1961 ukafuata mfuko wa taifa wa INSS, ambao mwaka 2018 ulipewa jina la CNSS. Kwenye karatasi, basi, mstaafu wa Kivu alikuwapo. Kwa kweli hakuwapo, au alikuwapo kwa muda mfupi tu. Kibarua wa msimu katika mashamba ya kahawa na pareto mara nyingi hakuwa na mkataba ulioandikwa, na mwanamke aliyechuma pareto maisha yake yote hakuhesabiwa kabisa. Kwa walioandikwa, kampuni ndiyo iliyokuwa na daftari. SOMINKI iliundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za madini za Kivu na Maniema. Bei ya bati ilianguka mwaka 1985, uchimbaji ukapungua, na kufikia mwaka 1997 kampuni ilikuwa imekwisha. Waliobaki katika nyumba zake walikuwa wazee na wajane, wakikaa katika mistari ya nyumba iliyojengwa na mwajiri ambaye hakuwapo tena wa kudaiwa.

Aliyebahatika kupata malipo alikutana na adui mwingine. Oktoba 1993 serikali ya Mobutu ilitoa zaire mpya, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Faranga moja ya mwaka 1998, kwa hiyo, ilikuwa sawa na zaire bilioni 300 za kabla ya 1993. Hakuna akiba ya mfanyakazi, hata awe mwekevu namna gani, iwezayo kuvuka hesabu kama hiyo. Ndipo inapoeleweka kwa nini walimu wa Kongo hubaki darasani hadi miaka 70 na zaidi. Gazeti huandika kwamba mwalimu mzee anaipenda kazi yake. Huenda anaipenda. Lakini akiondoka shuleni anaacha mshahara mdogo na kwenda kwenye malipo yanayochelewa au yasiyofika, na uamuzi wake ni wa hesabu kabla ya kuwa wa mapenzi.

Kambi ya pili ilianza na vita vya 1993 na haijakwisha. Watu wa Masisi walikimbilia Goma, wakarudi, wakakimbia tena mwaka 2008, mwaka 2012, na hasa tangu M23 ilipofufua vita mwishoni mwa 2021. Mapigano ya Februari 2024 karibu na Sake yalijaza Bulengo, Lushagala na kambi nyingine za pembezoni mwa Goma. Picha ya mzee aliyefunikwa blanketi ilitoka huko, ikaenea ulimwenguni. Kosa la picha hiyo ni kwamba ndiyo pekee. Katika kambi wazee walilea wajukuu ambao wazazi wao walikuwa wamekufa au wamekwenda kutafuta kibarua. Walisuluhisha ugomvi wa mipaka ya mahema kama walivyosuluhisha ya mashamba. Walisuka mikeka, waliuza makaa. Mhanga wa pichani hafanyi lolote kati ya hayo, na kwa sababu hiyo msaada nao ulipangwa kana kwamba mzee ni mtu wa kupewa tu, tena wa mwisho, kwa kuwa foleni ya chakula haina huruma na miguu mibovu.

Kizee na kikongwe

Jambo la kisarufi linastahili kutajwa. Mwanamume mwenye umri, katika taarifa za Kiswahili, ni mzee, na hukaa katika ngeli ya watu bila wasiwasi. Mwanamke mwenye umri huelekea kuitwa bibi kizee, kikongwe au ajuza. Kizee na kikongwe vina kiambishi ki-, ambacho huwekewa vitu, vilema na vile vinavyodunishwa. Ni kweli kwamba upatanisho wake katika sentensi ni wa mtu: kikongwe amefika, si kimefika. Lakini umbo la neno limekwisha kufanya kazi yake kabla ya kitenzi kufika. Habari za tuhuma za uchawi huanza na maneno haya, na tuhuma hizo katika Kivu huwaangukia zaidi wanawake wajane, wasio na mtoto wa kiume aliye karibu. Mwandishi wa habari aliyeandika "mjane mwenye miaka 72" angekuwa ametaja hali inayomweka mtu huyo hatarini, yaani kukosa mtetezi na kuwa na shamba linalotamaniwa. Anapoandika "kikongwe", hatari hiyo huhamia katika umbo la mwili wake.

Mabadiliko ya redio yamesaidia kiasi. Tangu Februari 2002 Radio Okapi imetangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo, na wakazi wa wilayani wamesikika kwa sauti zao zaidi kuliko zamani, wakati mkulima wa Masisi alisikia habari za kwao kutoka London au Cologne. Lakini wanaohojiwa wengi ni viongozi wa asasi na wasemaji wa majeshi. Wenye miaka 65 na zaidi ni karibu asilimia 3 tu ya watu wa Kongo, na labda hilo linafanya wasahaulike kwa urahisi.

Mwaka 2025 umeonyesha jambo hilo kwa namna yake. Goma ilitekwa mwishoni mwa Januari. Mwezi wa Februari wakazi wa kambi za pembezoni walitakiwa kuondoka, na mahema yakavunjwa. Wazee wa Masisi walirudi kwa miguu au kwa kubebwa katika vijiji ambavyo mara nyingi nyumba zao hazikuwapo tena na mashamba yao yalikuwa yamelimwa na wengine. Tarehe 19 Machi M23 iliingia Walikale mjini, ikaondoka mwanzoni mwa Aprili. Katika siku hizo jina la Walikale lilisomwa katika magazeti ya ulimwengu mzima kwa sababu mgodi wa Bisie ulikuwa umesimamisha kazi na bei ya bati ilikuwa imepanda. Ilikuwa bati ileile ambayo watu wa kambi za SOMINKI waliichimba hadi mwaka 1985, na baadhi yao walikuwa bado hai kusikia habari hiyo redioni.